Gari jipya linavuta, usukani haurudi, na gereji inasema ni barabara

Swali limetoka kwa msomaji wa Buhongwa, Mwanza. Nimelifupisha kidogo:

"Habari za kazi, mtaalamu. Nilinunua gari jipya kwa wakala, siyo la mtumba, lina dhamana ya miaka 3 au kilomita 100,000. Sasa lina kilomita 14,000. Tangu mwanzo linavuta kushoto nikiwa naenda kazini Misungwi. Nimelirudisha mara tatu. Kila mara wanapiga alaimenti, linatulia siku mbili tatu, halafu linarudi palepale. Mara ya mwisho meneja wa gereji ameniambia barabara zetu zimelala kushoto, na kwamba nijifunze kushika usukani. Nikikata kona usukani haurudi wenyewe kama gari langu la zamani. Halafu kuna siku, nikitoka kukata kulia pale Buhongwa kuingia barabara kuu, gari linaelekea kulia kwa muda kabla halijatulia. Fundi wa mtaani kwetu anasema atalimaliza kwa siku moja. Nimpe?"

Dada yangu, usimpe. Siyo kwamba mafundi wa mtaani hawajui kazi. Wapo wanaojua kuliko baadhi ya vijana waliovaa ovaroli zenye nembo. Lakini gari hili bado lina mwenye kubeba gharama, na mtu mwingine akishafungua miguu ya mbele, yaani vyuma vinavyoshika magurudumu, mwenye kubeba gharama atapata pa kutokea. Nitalirudia hilo baadaye.

Kwanza sentensi yako ya mwisho kuhusu gari, ile uliyoitaja kama nyongeza. Hiyo ndiyo iliyobeba jibu. Gari huvuta kushoto, lakini ukitoka kukata kulia linaelekea kulia. Barabara iliyolala kushoto haiwezi kulipeleka gari kulia. Alaimenti iliyoharibika nayo haibadilishi upande kulingana na kona uliyotoka. Kama inavuta kushoto, itavuta kushoto asubuhi, jioni, na baada ya kona yoyote. Gari linaloelekea upande uliokata mwisho lina tatizo jingine: usukani wake unang'ang'ania pale ulipouacha. Kwa hiyo lile la usukani kutorudi na lile la gari kuvuta, uliyoyaandika kama malalamiko mawili, kwa maoni yangu ni tatizo moja.

Sababu ni hii. Ukiachia usukani baada ya kona, magurudumu hayarudi katikati kwa bahati. Mhimili ambao gurudumu la mbele huzungukia umelazwa kidogo kuelekea nyuma, na mlalo huo mafundi huuita kasta. Kwa sababu yake gurudumu linapobingirika mbele hujivuta lenyewe kunyooka, na uzito wa gari nao unasaidia. Nguvu hiyo ya kunyoosha si kubwa, hasa usukani unapokuwa umebakiza nyuzi chache tu kufika katikati. Kukiwa na kitu kizito mahali fulani kati ya usukani na tairi, msuguano unaishinda nguvu hiyo, na usukani unasimama kabla ya kufika. Gari lililosimama nyuzi mbili upande wa kulia litaelekea kulia. Ukilirekebisha kwa mkono ukapitiliza kidogo, litakaa kushoto.

Sasa weka hapo barabara. Meneja hakudanganya kuhusu barabara. Barabara za njia mbili hujengwa zikiwa zimenyanyuka katikati ili maji yaende pembeni, na sisi tunaoendesha kushoto tunatembea muda wote kwenye mteremko mdogo wa kushoto. Gari lisilo na ugonjwa linashuka nao polepole, dereva anarekebisha kwa kidole bila hata kujua, na usukani unamalizia wenyewe. La kwako halimalizii. Linasukumwa kushoto na mwinamo, halina nguvu ya kujirudisha, na wewe unabaki kupambana nalo kutoka Usagara hadi Misungwi. Ndiyo maana malalamiko yako makubwa ni ya kushoto. Barabara inaufichua ugonjwa uliopo ndani ya gari. Na ile kauli ya kujifunza kushika usukani haikustahili kutamkwa mbele ya mteja ambaye ameeleza dalili kwa usahihi kuliko kadi zote tatu za gereji.

Kwa nini basi alaimenti ilikuwa inasaidia siku mbili tatu? Fikiria kinachofanyika pale kwenye mashine. Gari linapandishwa, magurudumu yanakaa kwenye sahani zinazozunguka bure, usukani unazungushwa kushoto na kulia ili mashine isome kasta, upepo wa tairi unasawazishwa, na mwishoni kompyuta inaambiwa upya katikati ya usukani ni wapi. Mambo yote hayo yanaweza kulegeza kilichokaza kwa muda, au kuficha dalili. Lakini ukitazama fundi alichobadilisha kwa spana, mara nyingi ni urefu wa tairodi tu, ile fimbo inayolisukuma gurudumu likate kona, yaani kiasi ambacho tairi mbili za mbele zinatazamana au kupeana mgongo. Kipimo hicho kikikosewa tairi zitalika vibaya na usukani unaweza kukaa upande, ila si chanzo cha kawaida cha gari kuvuta. Kinachovuta gari ni tofauti ya kasta au ya kemba, yaani mlalo wa tairi kuelekea ndani au nje, kati ya kushoto na kulia, na kwenye magari mengi madogo ya siku hizi vipimo hivyo viwili havina hata bolti ya kurekebishia kwa mbele. Vikitoka nje ya kiwango maana yake kuna kipande kimepinda au kimefungwa vibaya. Kukaza na kulegeza tairodi kwa mara ya nne hakutakupa kitu.

Kabla hujarudi kwao, lijaribu gari mwenyewe ili uende na maelezo yasiyopingika. Toka asubuhi na mapema, Jumapili ikiwezekana, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, nao unatosha kulisogeza gari la juu. Kwa sababu hiyohiyo usifanye jaribio kwenye Daraja la Kigongo–Busisi. Lina kilomita 3 juu ya maji wazi, na hata gari zima linaweza kuonekana linayumba pale. Chagua kipande kilichonyooka mbele ya Usagara kuelekea Misungwi, pasipo na watu, ng'ombe wala bodaboda wanaochomoza. Pima upepo wa tairi gari likiwa bado baridi, uulinganishe na kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, siyo na namba iliyoandikwa kwenye tairi, ambayo ni ukomo wa tairi lenyewe. Toa mizigo. Kama gari lina mfumo wa kulibakiza ndani ya mistari ya barabara, uzime, kwa sababu huusukuma usukani na unaweza kukupotosha kabisa.

Mikono usiiachie. Shika kwa ncha za vidole tu, kwa kasi ya kilomita 60 hadi 80 kwa saa. Pindisha usukani kidogo sana kushoto, kiasi cha kulifanya gari lianze kusogea, kisha legeza vidole uone kama unarudi. Fanya hivyo kulia. Rudia ukiwa unarudi Mwanza. Ukikuta kwamba kila mara gari linaendelea na upande ulioligusa mwisho, umethibitisha ninachokuambia. Ukikuta linavuta kushoto tu, kwenda na kurudi, hata mahali ambapo barabara ni bapa, basi mimi nimekosa shabaha na tunarudi kwenye tairi, breki na vipimo vya miguu.

Hilo la tairi na breki tulimalize haraka, maana gereji itaanza nalo na ina haki. Tairi jipya linaweza kuwa na kasoro ya kiwandani ndani ya nyuzi zake, likabingirika kama limechongoka upande mmoja na kuvuta gari bila alama yoyote ya nje. Kulijua ni rahisi: badilishaneni tairi za mbele, la kushoto liende kulia. Mvuto ukihamia upande wa pili, ni tairi. Kama tairi zako zina mshale wa mwelekeo, badilisha za mbele na za nyuma upande uleule. Kumbuka pia kwamba kwenye magari mengi dhamana ya tairi ni ya mtengenezaji wa tairi, siyo ya gari, kwa hiyo utatumwa dirisha jingine. Breki inayokwama nayo huvuta. Baada ya safari ambayo hukufunga breki sana, sogeza kiganja karibu na rimu za mbele bila kuzigusa. Moja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake, kalipa yake, yaani kibanio cha breki, haiachii. Tatizo la kona ya Buhongwa, hata hivyo, halielezwi na lolote kati ya hayo mawili.

Sasa tutafute panapong'ang'ania. Sehemu ni chache na zinaweza kutenganishwa moja moja, lakini kazi hii ifanywe na gereji ya wakala, wewe ukiwa umesimama pale ukiangalia. Gari linyanyuliwe magurudumu ya mbele yakiwa hewani, injini imezimwa, kufuli ya usukani imefunguliwa. Usukani uzungushwe kwa mkono taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Bila umeme wa kusaidia utakuwa mzito, lakini uzito huo unatakiwa kuwa uleule njia nzima. Ukikuta unakaza mara mbili katika kila mzunguko mmoja, mshuku ni kiungo cha msalaba kwenye shafti inayounganisha usukani na raki, yaani fimbo yenye meno inayosukuma magurudumu kushoto na kulia. Ukikaza mahali pamoja tu, karibu na katikati, tazameni raki. Kwenye raki kuna kitufe chenye springi kinachoibana meno kwa meno, na kikiwa kimekazwa kupita kiasi kiwandani raki inakuwa nzito hasa katikati, pale unapopatumia zaidi barabarani. Hicho ni kitu ambacho gari jipya linaweza kutoka nacho kiwandani, na ndicho ningekishuku mapema kwa gari lililoanza kusumbua tangu lilipopokelewa.

Kama raki na shafti ni nyepesi, watenganishe ncha za tairodi na kuuzungusha kila mguu peke yake kwa mkono. Upande ulio mgumu una bol jointi iliyokaza, ile jointi ya duara ambayo mguu huzungukia, au beringi ya juu ya shokapu isiyozunguka. Beringi hiyo ina dalili yake. Springi inajisokota badala ya kuzunguka, halafu inaruka kwa mlio wa "tong" unaousikia ukizungusha usukani gari limesimama. Mtu mmoja azungushe, mwingine aweke kiganja juu ya springi, kuruka huko atakuhisi mkononi. Je, uliwahi kuusikia mlio huo ukiegesha? Hukuandika. Kama uliusikia, uandike.

Kuna na upande wa umeme, na hapa ndipo gereji nyingi hujikwaa. Gari lako, kwa umri wake, karibu hakika lina usukani unaosaidiwa na mota ya umeme badala ya mafuta. Mota hiyo hufuata vihisi viwili: kimoja kinapima nguvu ya mkono wako, kingine kinapima pembe ya usukani. Kikiwa kihisi cha nguvu kimewekwa sifuri vibaya, mota inaamini unasukuma kidogo upande fulani hata ukiwa hujagusa, nayo inasaidia huko. Kihisi cha pembe kikiwa na katikati ya uongo, mota hushindwa kuurudisha usukani mahali sahihi. Magari mengine yana programu inayojifunza mwinamo wa barabara na kufidia, na hiyo nayo inaweza kuficha tatizo kwa siku kadhaa baada ya matengenezo kisha likajitokeza tena. Ndiyo maana siridhiki na jibu la "tumeweka mashine, hakuna kodi." Kodi ni namba ya hitilafu ambayo kompyuta huihifadhi kwa kile ambacho vihisi vyake vinaweza kukiona. Bol jointi ngumu haina kihisi. Waambie wasome thamani za vihisi hivyo viwili gari likiwa limesimama, magurudumu yamenyooka na hakuna mkono kwenye usukani, waandike namba, halafu walinganishe na kitabu cha mtengenezaji. Waulize vilevile kama kuna toleo jipya la programu ya usukani kwa gari hilo, au taarifa ya kiufundi ambayo mtengenezaji amewatumia mawakala wake kuhusu dalili hii.

Swali ambalo nina hakika watakuuliza ni kama uligonga shimo au ukingo wa barabara, kwa sababu dhamana hailipi ajali. Jibu ukweli. Kama hukugonga, vipimo vya alaimenti vitakutetea: mashine ya magurudumu manne inatoa pia pembe za mhimili wa usukani, na mguu uliopinda huonekana pale kwa kutofautiana na mwenzake. Hapo ndipo thamani ya ile karatasi ya mashine inapoonekana. Je, walikupa karatasi za mara zote tatu, zenye vipimo vya kabla na baada? Kama hawakukupa, ziombe kwa maandishi. Karatasi yenye "baada" pekee haisaidii. Na kama "kabla" ya mara ya pili na ya tatu ilikuwa tayari ndani ya kiwango, karatasi hizo zenyewe zinathibitisha kwamba alaimenti haikuwa ugonjwa na kwamba gereji imeshalijua hilo.

Ukirudi, usiruhusu mpokeaji aandike "mteja anaomba alaimenti." Kadi ya kazi ndiyo kumbukumbu ya dhamana, na kilichoandikwa pale ndicho mtengenezaji atakachokisoma. Mwambie aandike maneno yako, na kama hataki, andika mwenyewe kisha saini. Ningeandika hivi: "Usukani haurudi katikati baada ya kukata kona. Gari linaendelea na upande uliokatwa mwisho, kulia au kushoto, kwa kasi ya kilomita 60 hadi 80 kwa saa, barabara kavu, upepo wa tairi sahihi. Tatizo limeripotiwa mara tatu kabla." Weka kilomita na tarehe, piga picha kadi kabla hujaiachia. Kisha omba mkuu wa karakana apande gari pamoja na wewe, wewe ukiendesha kwanza, yeye baadaye. Na ombi moja ambalo kwa uzoefu wangu linaleta mwafaka kuliko mabishano yote: aendeshe gari jingine la aina hiyohiyo kwenye kipande hichohicho cha barabara, siku hiyohiyo. Likirudi lenyewe na lako halirudi, hoja ya barabara imekwisha.

Wakipendekeza kubadilisha kipande, sawa, lakini waulize ni kipimo gani kimewaonyesha kipande hicho. Na wakifungua mikono ya chini inayoshika magurudumu, bolti za bushi zake za mpira zikazwe gari likiwa limekaa kwa uzito wake chini, siyo likiwa linaning'inia. Bushi iliyokazwa ikining'inia hubaki imejisokota, inalisukuma gari isikotakiwa, na hupasuka mapema. Kosa hilo hufanywa hata kwenye karakana zenye vifaa vyote.

Sasa yule fundi wa mtaani. Nadhani ninajua anachotaka kufanya: atalegeza tairodi, pengine atasogeza kichwa cha shokapu kwenye matundu yake ili kemba ya upande mmoja ipingane na mvuto, au ataweka spesa, yaani kipande cha kusogeza gurudumu nje. Gari litanyooka kwenye barabara ya Misungwi. Usukani bado hautarudi, tairi moja litaanza kulika upande wa ndani, na alama za spana kwenye bolti zitampa wakala sababu ya kukunyima dhamana ya miguu yote ya mbele. Ukitaka macho ya mtu wa nje, mpelekee mwenye mashine ya alaimenti apime tu bila kugusa bolti, akupe karatasi. Hiyo ni haki yako na haiharibu kitu. Kama una spesa, rimu pana au tairi za saizi tofauti na za kiwandani, rudisha vya asili kabla hujaenda, maana vinabadilisha hesabu yote ya usukani.

Wakikataa tena, peleka barua kwa wakala makao yake makuu, nakala kwa msambazaji wa chapa hiyo nchini, ukiomba mhandisi wa mtengenezaji alione gari. Ambatanisha kadi zote na karatasi za vipimo. Fanya hivyo sasa, dhamana ikiwa bado ndefu. Tatizo lililoripotiwa kwa maandishi ndani ya muda linakuwa na uzito ambao malalamiko ya mdomo hayana. Soma na kitabu cha dhamana, kwa sababu vingi huweka marekebisho ya alaimenti kwenye muda mfupi kuliko gari zima, na hiyo ni sababu nyingine ya kutoruhusu tatizo lako liitwe alaimenti. Nje ya kitabu hicho bado kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inayomtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa kazi yake, na malalamiko ya mlaji unaweza kuyafikisha Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Anza na barua lakini. Wakala wengi hubadilika pindi wanapoona mteja ana dalili iliyoelezwa vizuri, tarehe, na vipimo.

Wakati unasubiri, punguza mwendo kwenye barabara kuu, na usimwazime mtu gari hilo bila kumweleza. Usukani ukianza kukwama kiasi cha kuhitaji nguvu kuutoa, au taa ya usukani ikiwaka kwenye dashibodi, simamisha gari na uwaite waje kulibeba. Gari lisiloweza kurudi katikati lenyewe ni jambo la usalama, na neno hilo, usalama, nalo liandike kwenye kadi.